Harusi ya Staa Yafungwa Kwenye Kompyuta: Mwacheni Mpenzi wa Zamani, Muulizeni Aliyezima Ulinzi

Wiki ya tatu hii wanazengo wa Tabora hawana habari nyingine mdomoni. Kuanzia vijiwe vya kahawa vya Ng'ambo mpaka saluni za Isevya, swali ni moja tu: nani kaifunga harusi ya yule dada?

Kwa ambaye ubuyu haujamfikia, kisa chenyewe ndo hiki. Msanii mmoja wa filamu, mzaliwa wa Tabora ambaye maisha yake yote ya kazi yapo Dar, aliamua kurudi nyumbani kufanya sendofu na kufunga ndoa. Si jambo dogo. Mastaa wengi wakishaonja mji mkubwa, nyumbani wanakwenda kwenye misiba tu. Huyu kaja na wageni mabasi mawili, ndugu wametoka Nzega, Urambo na Sikonge, na bibi yake mzaa mama, ambaye miguu ilishamgomea, kabebwa mpaka ukumbini na kukalishwa meza ya mbele. Watu walikula, walicheza, na wageni wa Dar wakaondoka na madumu ya asali.

Siku ya kumi na moja baada ya harusi, yule bibi akafariki.

Matanga yalipoisha, dada akakumbuka kitu kimoja. Siku ya sendofu bibi alipewa maiki, akamuusia mjukuu wake kwa Kinyamwezi, dakika nne nzima, ukumbi wote kimya. Hakuna sehemu nyingine sauti ya yule mama ilikorekodiwa. Dada akapiga simu studio.

Studio ikasema video hazifunguki. Kila faili limebadilishwa mkia wa jina, na kwenye kila folda kuna barua fupi ya Kiingereza inayodai dola 980, au nusu yake kwa atakayewahi ndani ya saa 72. Kwa hela ya nyumbani hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili, na saa 72 zilishapita zamani.

Hapo ndo mji ukawaka. Mpenzi wa zamani wa dada, naye ni mtu wa majukwaani, akaoga matusi. Siku ya harusi alikuwa ameposti maneno mawili tu, "Mungu fundi". Watu wakapiga skrini shoti, wakazungushia duara jekundu kama kielelezo cha mahakamani. Wengine wakasema aliyelipa mahaka ni mke wa kwanza wa bwana harusi. Wengine wakaenda mbali zaidi, maana ukishasema kitu "kimefungwa", kila mtu anajua mwenzake anafikiria nini.

Wote hao walikuwa wanamtafuta adui wa nje. Kumbe mlango ulifunguliwa kwa ndani.

MGENI ALIYETAKA MLINZI AKALALE

Kijana wa studio alikaa kimya siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu akaenda mwenyewe kwa mjomba wa dada, mstaafu wa reli, mtu asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo mjomba. Nimekuja kusema ukweli. Hakuna aliyetufanyia kitu. Ulinzi wa kompyuta niliuzima mimi."

"Marahaba. Uliuzima kwa nini, mwanangu?"

"Programu ilisema niuzime kwanza ndo iingie."

Mzee akamwangalia. "Yaani mgeni yuko nje anakwambia mlinzi akalale na mbwa afungwe, ndo yeye aingie. Na wewe ukakubali?"

Watu walioisikia hadithi hii wamecheka sana. Wacheke taratibu, kwa sababu alichokifanya kijana huyu kinafanyika kila siku kwenye studio za muziki, steshenari, vibanda vya kuweka nyimbo kwenye fleshi, na hata kwenye ofisi za watu wenye tai.

Mwanzoni mwa mwaka alitaka programu ya kuhariri video ambayo bei yake hakuiweza. Akapata kraki kwenye kundi la Telegram. Maelekezo yalianza na mstari mmoja: zima antivairasi. Kompyuta haikunyamaza. Ilileta dirisha la kusema programu hii haitambuliki, na kitufe cha kuendelea hakikuwekwa hata mbele, mpaka ubonyeze "maelezo zaidi" ndo kijitokeze. Akabonyeza. Antivairasi ya Windows ikalifuta faili. Akaingia kwenye mipangilio akaizima. Ikajiwasha yenyewe baada ya muda, kwa sababu ilitengenezwa hivyo. Basi akatafuta njia ya mkato: akaiorodhesha diski nzima ya kazi kuwa sehemu isiyokaguliwa. Ndo diski hiyo hiyo iliyobeba harusi, misiba na ubatizo wa watu.

Na programu ikafanya kazi, safi kabisa, miezi saba bila tatizo. Watu wengi hudanganyika hapo. Wanaona "mbona haikuleta shida", wanasahau kwamba geti limebaki wazi. Wiki ya harusi ya dada, kijana akatafuta kikorombwezo kingine cha kupamba majina ya maharusi kwenye video. Akakipakua kutoka tovuti asiyoijua, kikatua kwenye diski isiyokaguliwa, na safari hii hakuna aliyekiuliza kinakwenda wapi.

Wataalamu wa usalama wa kompyuta wanakifahamu kirusi cha aina hii tangu 2018. Wanakiita STOP, au Djvu, na njia yake kubwa ya kusambaa ni kraki na vifungulio vya bure vya programu za kulipia. Yaani hakihitaji adui anayekuchukia, wala hakijui kama wewe ni staa. Kinamsubiri mtu atakayekifuata mwenyewe, tena akiwa ameshazima ulinzi kwa mkono wake. Mara nyingi huja na mwenzake wa kuiba maneno ya siri, kwa hiyo aliyefungiwa mafaili leo anaweza kupoteza na ukurasa wa studio kesho.

Sasa mpenzi wa zamani anaingiaje hapo?

SI KILA MGENI NI MWIZI

Baada ya kisa kujulikana, kibao kikageuka. Sasa kila mwenye mdomo anasema programu yoyote isiyotoka kwenye duka rasmi ni wizi na vijana wanaozigusa wakamatwe. Hapo nako watu wametoka nje ya reli.

Onyo la kompyuta husema programu haijathibitishwa. Maana yake ni "huyu simjui", na kutojulikana si sawa na kuwa mwizi. Kuandikishwa kwenye duka la Google ni dola 25 mara moja. Apple wanataka dola 99 kila mwaka. Kwenye Windows, cheti cha kuthibitisha jina la mtengenezaji ni gharama nyingine. Kijana wa chuo aliyeandika programu ya kupiga hesabu za tumbaku za chama cha msingi huko Kaliua, akaitoa bure kwa wakulima, atatokea kwenye skrini zao kama mtu asiyejulikana. Hajamwibia mtu. Hana tu hela ya kitambulisho.

Na kama kuna mji unaopaswa kuelewa hilo, ni Tabora. Mji huu ulikua kwa sababu ya wageni. Misafara ilitoka Bagamoyo na vitambaa na shanga, ikafika Unyanyembe, kisha njia zikagawanyika: moja ikaenda Ujiji, nyingine ikapanda Karagwe mpaka Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia hiyo kama kiganja cha mkono. Tabora ingefunga milango kwa kila asiyejulikana, isingekuwa Tabora.

Lakini waliokaa hapa hawakulala uwanjani. Walijenga matembe: kuta nene za udongo, ua katikati, milango michache. Mgeni aligonga, akajieleza, mzigo ukaonekana, akapewa pa kulala. Hakuna aliyebomoa ukuta mzima eti kwa sababu mzigo wa mgeni mmoja haukupita mlangoni. Kuiweka diski nzima kwenye orodha ya "usikague" ni kubomoa ukuta.

Watengenezaji wenyewe wameshaliona hilo. Zamani simu ya Android ilikuwa na swichi moja ya "vyanzo visivyojulikana", ukiiwasha simu nzima imefunguka. Kuanzia toleo la nane, mwaka 2017, ruhusa inatolewa kwa programu moja moja: unaweza kumruhusu mpagazi mmoja alete mzigo, wengine wakabaki nje. Apple nao mwaka 2016 waliliondoa kwenye mipangilio ya kompyuta zao chaguo la kuruhusu kila kitu kutoka popote, na 2024 wakaifanya njia ya kuruhusu programu moja iwe ndefu zaidi kidogo, ili mtu apate muda wa kufikiri. Google wametangaza kwamba watengenezaji wa programu za Android watatakiwa kujitambulisha hata kama hawapiti kwenye duka lao, wakianza na nchi chache mwaka 2026. Wapo wanaofurahia, wapo wanaohofia vijana wadogo watafungiwa nje. Vyovyote itakavyokuwa, hakuna kufuli litakalomsaidia mwenye nyumba anayempa funguo mtu wa Telegram.

Na wenye simu wasijione wako salama. Mwaka 2024 polisi wa India walitoa onyo juu ya kadi za mwaliko wa harusi zinazotumwa WhatsApp, ambazo ukizigusa kumbe si kadi, ni programu ya kuingia ndani ya simu na kukomba taarifa. Fikiria hapa nyumbani, ambako mtu mmoja anapokea kadi za mchango tano kwa wiki na hata hamjui bwana harusi. Kadi ni picha, au waraka wa kusoma. Simu ikianza kuuliza kama isakinishe kitu, hiyo si kadi hata kama ina maua na jina la ukumbi unaoujua. Na aliyewahi kuipa WhatsApp ruhusa ya kusakinisha programu, akaiacha hivyo, aende akaifunge leo.

KOSA LENYEWE NI AMANA

Kijana kuwa na kraki ni kosa moja. Kuna kosa kubwa zaidi ambalo vijiweni halisemwi: alicheza kamari kwa mali isiyo yake.

Mtu akizima ulinzi kwenye kompyuta yake ya kuchezea magemu, akaharibikiwa, atalia peke yake. Kompyuta ya studio ni ghala la amana. Ndani yake kuna nyuso za watoto wa watu, vilio vya misiba, namba za simu za wanakamati, na sauti ya bibi ambaye hatarudi kuisema tena. Ukipunguza ulinzi hapo, unawaamulia watu ambao hukuwauliza.

Njia hii ya zamani ina kisa chake. Mwaka 1871 Livingstone alifika Ujiji hoi, akitegemea mali aliyotumiwa kutoka pwani. Mali ilikuwa imevuka njia nzima ya msafara, na machifu na hongo zao, magonjwa na mito. Ikafika. Alipouliza, akaambiwa imeshauzwa na yule yule aliyekabidhiwa kuitunza. Mwaka uliofuata alikaa miezi kadhaa kwenye tembe la Kwihara, pale nje ya Tabora, akisubiri watu wa kuaminika watumwe kutoka pwani ndipo aendelee na safari. Hatari ya njiani kila mtu huiona. Ya mtunza ghala huonekana mlango ukishafunguliwa.

Tofauti ni kwamba kijana hakuuza kitu. Hakuwa na nia mbaya. Lakini mwenye mali hali nia njema ya mtunza mali. Hata sheria imeshaliona: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kutunza taarifa za watu azilinde. Mpiga picha wa harusi anakusanya taarifa za watu kuliko ofisi nyingi, ila anajiona yeye ni kamera tu.

NA MASTAA WAJIANGALIE

Sasa kabla dada hajapewa huruma yote, kuna mawili matatu ya kumuuliza.

Kamati yake ilimkuta kijana na bei ya laki sita. Wakamshusha mpaka laki tatu na nusu, pamoja na kamera ya kuruka, pamoja na vipande vya Instagram vitoke usiku huo huo. Ukumbi haukupunguziwa, mapambo hayakupunguziwa, keki haikupunguziwa. Kitu pekee kitakachobaki miaka ishirini ijayo ndicho kilichogombewa bei kama nyanya za jioni. Hapo mtu anategemea programu halali ilipwe na nani?

Halafu dada huyu kila akihojiwa hulalamika juu ya wanaodurufu filamu zake na kuziuza kwenye fleshi. Ana haki kabisa, ule ni wizi wa jasho lake. Lakini harusi yake imehaririwa na programu iliyoibwa kwa namna ile ile, na hakuna hata mmoja kwenye kamati aliyeuliza. Sanaa ya Bongo haiwezi kudai hakimiliki mchana na kufanya kazi kwa kraki usiku.

Kwa upande wa vijana wa studio, kisingizio cha bei hakina nguvu kama wanavyodhani. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha harusi yoyote ya Tabora. Kdenlive na Shotcut ni za bure moja kwa moja. Zote zinapatikana kwenye tovuti za wenyewe waliozitengeneza, na hakuna hata moja inayosema zima ulinzi kwanza. Programu ikianza na sharti hilo, jibu umeshapewa.

Na kama kweli kuna programu ya nje inayohitajika, utaratibu si mgumu. Ujue aliyeitengeneza ni nani na uichukue kwake, si kwa mtu wa katikati. Iruhusu hiyo moja tu. Ukimaliza, rudisha ulinzi na ufute ruhusa ulizoacha. Kazi za wateja ziwe na nakala kwenye diski ya nje inayochomolewa, kwa sababu diski iliyochomekwa muda wote nayo hufungwa pamoja na wenzake. Na mteja asiondoke bila nakala ghafi kwenye fleshi yake, hata kama haijapambwa. Fleshi ni bei ya kuku mmoja.

WALE AMBAO SI MASTAA

Mwisho wa kisa una nafuu kidogo. Kirusi hiki kina haraka: kwenye faili kubwa huharibu kipande kidogo tu cha mwanzoni, kama kilobaiti 150, kisha hukimbilia lingine. Fundi mmoja kutoka Dar alichukua video ndefu ya sendofu, akapata mfano wa video nzima kutoka kamera ile ile, akaunga mwanzo uliopotea. Ikafunguka. Bibi yumo, na maiki yake, na dakika zake nne. Dada ameposti sekunde kumi na mbili bila sauti, na nusu ya nchi imelia.

Ila kwenye diski ile kulikuwa na kazi za wateja wengine kumi na wanne. Yupo mjane wa Kanyenye ambaye picha za mwisho za mumewe zilikuwa zimepunguzwa ukubwa ili zitumwe WhatsApp. Picha ndogo namna hiyo kirusi huimaliza yote, hakuna pa kuunga. Huyu hakuna aliyempigia fundi. Hakuna duara jekundu kwa ajili yake, na hakuna aliyetukanwa kwa niaba yake.

Kijana wa studio amefanya la maana kusema ukweli, ingawa siku kumi na mbili za kukaa kimya huku mwenzake anatukanwa ni deni jingine. Deni la kwanza liko Kanyenye: apite kwa kila mteja, mlango kwa mlango, awaeleze kilichotokea kabla hawajakisikia saluni. Na wanazengo wana deni lao. Walijaza komenti za matusi kwa mpenzi wa zamani kwa maneno mawili aliyoandika. Yale matusi bado yapo pale, na kitufe cha kufuta nacho kipo.

Wadau mnasemaje? Kijana alipe, asamehewe, au kamati iliyomshusha bei nayo ichangie? Komenti ziko wazi, ila kabla ya kuandika, fungua kwanza simu yako uangalie ni nani uliyemwachia mlango.